Vazi la kuchekwa, undugu wa kudumu

BUJUMBURA. Katika mtaa wa Buyenzi hakuna anayegeuka kumtazama mzee aliyejifunga msuli akielekea msikitini. Watoto humwamkia, kisha huendelea na mpira wao. Lakini mzee huyo huyo akiingia katikati ya jiji, kwenye benki na ofisi za watu wa suti, akiwa amejifunga kitambaa chenye mikunjo na miraba ya Waskoti, atafuatwa na macho hadi mlangoni. Nguo ni ile ile moja, kitambaa kilichozungushwa kiunoni. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka.

Hapo ndipo penye siri ya mavazi yote ambayo wanaume huvaa huku wakichekwa. Anayevaa peke yake huitwa kichaa. Wakivaa watano, hao ni kundi. Wakivaa hamsini, hiyo ni mila. Na mara nyingi, kati ya yule mmoja na wale hamsini huzaliwa kitu ambacho hakikutarajiwa: marafiki wanaokopeshana, wanaouguzana na wanaozikana.

Kilti, sketi ya kiume ya Waskoti, ni mfano unaojulikana duniani kote. Lakini mfano wake wa karibu zaidi na Bujumbura hauko Uskoti. Uko Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na mbele zaidi, kando ya Mto Kongo, ambako vijana wa Sape huitoa kilti kabatini siku ya sherehe na kuipitisha mitaani kwa maringo.

Sketi iliyopelekea watu gerezani

Wengi wanaoicheka kilti hawajui kwamba kuna wakati mtu aliweza kufungwa kwa kuivaa. Tarehe 16 Aprili 1746, waasi wa Uskoti walishindwa na jeshi la mfalme wa Uingereza katika vita vya Culloden. Bunge la London likapitisha sheria ya kuwavua mavazi yao. Mwanamume au mvulana aliyekutwa na vazi la milimani alifungwa miezi 6. Akikutwa mara ya pili, alisafirishwa kwa nguvu ng'ambo ya bahari kwa miaka 7. Waliosamehewa hasa ni askari wa Kiskoti waliomtumikia mfalme huyo huyo.

Marufuku hiyo ilidumu hadi 1782. Na walioivunja hawakuwa wenye mapanga. Mwaka 1778 Waskoti wa milimani waliokuwa wakiishi London waliunda chama chao. Walikutana wakiwa wamevaa mavazi ya kwao, wakapiga muziki wao na kuzungumza lugha yao. Chama hicho ndicho kilichopigania sheria ifutwe, na miaka minne baadaye ikafutwa.

Lakini malengo ya chama hayakuishia kwenye nguo. Mojawapo lilikuwa kuwasaidia watu wa milimani waliopatwa na dhiki wakiwa mbali na kwao. London ya wakati ule ilijaa vibarua, watumishi na askari waliostaafu bila kitu. Mskoti aliyeugua huko hakuwa na shangazi wa kumpikia uji wala mjomba wa kumlipia dawa. Alikuwa na wenzake wa kilti.

Leo kilti huvaliwa hata na watu ambao babu zao hawakuwahi kuiona Uskoti. Wapo Wamarekani, Wajerumani na Waaustralia walioipenda tu. Mtu wa namna hiyo, akiwa peke yake katika mji wake, ana maswali ambayo hawezi kumuuliza jirani: unakaaje kitini, unafanyaje upepo ukivuma, unamwambiaje mke wako, unajibu nini ukichekwa kazini. Anachokitafuta si fundi wa nguo, kwani mafundi wapo. Anamtafuta aliyetangulia kupita njia hiyo, amwambie kwamba siku ya kwanza ni ngumu, ya pili ni nafuu, na ya kumi utasahau umevaa nini. Urafiki unaoanzia hapo hauishii kwenye mikunjo ya kitambaa. Aliyeulizwa leo juu ya mshipi, kesho huulizwa juu ya kazi iliyopotea au mtoto mgonjwa.

Amri haizai undugu

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuona kilti, tena jeshini. Idi Amin aliingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, akawazoea maofisa wa Kiskoti na kuzipenda ngoma zao. Alipokuwa rais wa Uganda, alikuwa na bendi ya askari waliovaa kilti na kupuliza zumari za mfuko, na yeye mwenyewe akajiita mfalme wa Waskoti.

Picha za askari wale bado huchekesha watu, lakini zina funzo. Vazi lilikuwa lile lile, mikunjo ile ile, hata zumari ile ile. Kilichokosekana ni hiari. Askari alivaa kwa sababu aliamriwa, na utawala ulioamuru ulikuwa ukiua raia wake wenyewe. Ulipoanguka mwaka 1979, hakuna chama cha wavaa kilti kilichobaki Kampala kikizika wanachama wake. Sare humfanya mtu afanane na mwenzake. Kumjali mwenzake ni jambo jingine, na halipatikani kwa amri.

Matsoua na chama cha wasio na ndugu

Ili kuona vazi likizaa undugu wa hiari, inabidi kurudi Paris ya mwaka 1926. Mwaka huo André Matsoua, mzaliwa wa Kongo ya Wafaransa aliyekuwa amepigana Morocco katika jeshi la Ufaransa, alianzisha chama cha kusaidiana cha watu waliotoka Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Lengo la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: kumsaidia Mwafrika aliyefika Paris bila kazi, bila nyumba na bila jamaa.

Chama kikakua, michango ikaanza kukusanywa hadi Brazzaville, na madai yakaongezeka. Wanachama walitaka haki sawa na Wafaransa. Serikali ya kikoloni ikamkamata Matsoua mwaka 1929, ikamshtaki Brazzaville mwaka uliofuata na kumpeleka uhamishoni Chad. Alifia gerezani mwaka 1942. Wafuasi wake walikataa kuamini kwamba amekufa, na kwa miaka kadhaa baadaye waliendelea kumpigia kura katika uchaguzi.

Vijana wa Sape wa Brazzaville humtaja Matsoua kuwa babu yao. Humkumbuka kama Mkongo aliyevaa kama bwana mkubwa wakati ambapo mkoloni alimtaka avae kama mtumishi. Sape ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha chama cha watu wachangamfu na maridadi. Wakati wa ukoloni, watumishi wa nyumbani wa Brazzaville na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mara nyingine walilipwa kwa nguo zilizochakaa za mabwana zao. Waliziosha, wakazipiga pasi, wakazivaa Jumapili kwa namna iliyowafanya mabwana wenyewe waonekane washamba.

Kwa hiyo mzizi wa Sape una matawi mawili tangu mwanzo. Moja ni nguo, la pili ni mfuko wa msaada. Mgeni anayefika Bacongo, mtaa wa Brazzaville unaojulikana kwa maridadi wake, huona la kwanza tu: koti la rangi ya waridi, fimbo, kiko kisicho na moto, viatu vinavyong'aa katika vumbi, na siku nyingine kilti kamili pamoja na soksi ndefu na kijaluba cha mbele. Mpiga picha Mwitaliano Daniele Tamagni aliwafanya maarufu kwa kitabu chake cha mwaka 2009. Lakini tawi la pili halipigwi picha kirahisi.

Nguo ya kuazima husitiri

Methali ya Kiswahili inasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Watu wa Sape wanaishi kinyume chake. Koti moja la bei kubwa linaweza kuzunguka migongo ya watu kadhaa katika mwezi mmoja. Leo ni la mwenye harusi, kesho ni la mwenye msiba, keshokutwa linarudi kwa mwenyewe. Kuazima hapo si aibu, ni alama ya kuaminiana. Anayeazima hulirudisha likiwa safi, maana akilichafua, amechafua jina lake mbele ya wenzake wote.

Vita vilipoikumba Brazzaville katika miaka ya 1990, mitaa ya kusini ya jiji, Bacongo ikiwemo, iliumia vibaya, hasa mwishoni mwa 1998. Watu walikimbilia misituni na vijijini na kuacha nyumba zikiporwa. Kwa mtu wa Sape, kabati lililoporwa ni akiba ya maisha yake yote iliyopotea. Waliorudi walianza upya, kiatu kimoja baada ya kingine. Na waliotamba tena mitaani walikuwa na ujumbe kwa vijana wenzao, kwamba mtu maridadi habebi bunduki na anayependa suti yake hatafuti damu ya kuichafua.

Kinshasa nako palikuwa na historia yake. Rais Mobutu alipiga vita suti na tai kuanzia miaka ya 1970, akataka wanaume wavae abakosi, koti lisilo na tai, hadi alipolegeza amri mwaka 1990. Katika miaka hiyo mwanamuziki Papa Wemba, mwanzilishi wa bendi ya Viva La Musica mwaka 1977, alipanda jukwaani na mavazi ya wabunifu wa Ulaya na Japani. Rafiki yake Stervos Niarcos akaita mapenzi hayo dini ya kitendi, yaani dini ya nguo kwa Kilingala. Mswahili akisikia kitendi hukumbuka methali kwamba muungwana ni kitendo, na kwa kweli katika Sape maneno hayo mawili hayaachani. Niarcos alipofariki mwaka 1995 alizikwa Kinshasa, na kila Februari wenzake hulizuru kaburi lake wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku nyingine yoyote.

Msiba ndio kipimo. Mwenzao akifa, watu wa Sape hawaji na huzuni tupu. Wanakuja wamevaa, wanatembea mbele ya jeneza kwa mwendo wao wa madaha, wanamsindikiza kama alivyopenda kuonekana. Familia masikini ambayo ingezika kimya hujikuta na msafara ambao mtaa mzima utausimulia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hakuna dhiki iliyo kubwa kuliko ya kumzika mtu wako huku huna kitu.

Upande wa pili wa kitambaa

Si kila kitu katika udugu huu ni cha kusifiwa. Mshahara wa fundi au mwalimu hauwezi kununua viatu vya Paris bila kitu kingine kukatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni chakula cha nyumbani au karo ya mtoto. Wake na mama wa watu wa Sape wana haki ya kuuliza kwa nini kabati la baba limejaa na sufuria ni tupu. Kundi linalomtia mtu moyo linaweza pia kumtia kwenye madeni, kwa sababu anayevaa vizuri leo anasubiriwa avae vizuri zaidi kesho.

Tena ndoto ya Paris iliwapeleka wengi kwenye njia za hatari. Papa Wemba mwenyewe alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka uliofuata mahakama ikampata na hatia ya kusaidia watu kuingia nchini humo kinyume cha sheria. Hilo halikumwondoa katika mioyo ya mashabiki. Alipoanguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe 24 Aprili 2016, Kinshasa ililia. Lakini kisa chake kinaonyesha kwamba undugu wa mavazi nao huhitaji watu wazima wa kusema hapana.

Ndiyo maana wazee wa Sape husisitiza kanuni kuliko bei. Wanasema rangi zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Usafi kwanza. Matusi na ugomvi ni mwiko. Anayejua kuvaa nguo za mitumba kwa mpangilio anaheshimiwa kuliko tajiri aliyejirundikia vitambaa. Kanuni hizo humlinda kijana asiye na fedha, maana zinamwambia kwamba nafasi yake kundini haitegemei pochi peke yake.

Bujumbura inajua jambo hili

Burundi ina wanaume wake waliovaa kitambaa na kusimama pamoja. Wapiga ngoma, wanaoitwa abatimbo, hujifunga vitambaa vyekundu, vyeupe na vya kijani, rangi za bendera ya taifa, na kuingia uwanjani na ngoma nzito kichwani. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya utawala wa kifalme, na kabla ya ufalme kufutwa mwaka 1966 ngoma hazikupigwa ovyo. Ujuzi wake umepitishwa kutoka baba hadi mwana, hasa katika maeneo kama Gishora karibu na Gitega. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka mchezo wa ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Hakuna anayecheka vazi la mtimbo. Hata Waingereza waliowaona wapiga ngoma wa Burundi katika tamasha la kwanza la WOMAD, Shepton Mallet mwaka 1982, hawakuuliza kwa nini wanaume hawa hawakuvaa suruali. Walishangilia. Na leo, katika nchi kama Ubelgiji na Kanada, Warundi waliotawanywa na vita na misukosuko ya siasa wameunda vikundi vya ngoma. Mrundi aliyefika juzi, asiyejua basi linapita wapi, akiisikia ngoma anajua pa kwenda. Pale kuna wa kumfunga kitambaa, na huyo huyo ndiye atakayemwelekeza kwa daktari na kumsomea barua ya serikali.

Jijini Bujumbura kwenyewe, undugu wa kusaidiana una jina lake. Ni ikirimba, kundi la watu wanaochanga kiasi fulani kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu. Kinshasa wanauita likelemba. Mkenya atauita chama, Mtanzania upatu au mchezo, Mnyarwanda ikimina. Majina yanatofautiana lakini mkono ni mmoja. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walibaki bila hata kitambaa cha kuanzia. Kwa mtu wa namna hiyo, swali la kwanza si benki gani itamkopesha. Ni nani anamjua.

Hilo ndilo linaloifanya habari ya kilti na Sape iwahusu wakazi wa jiji hili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, miaka 15 baada ya Burundi kujiunga. Kutoka Bujumbura hadi Uvira ni mwendo usiofikia saa moja kwa gari, kupitia Gatumba, mpaka unapokuwa wazi na barabara ni salama. Muziki wa Kongo ulivuka zamani. Mitindo ilivuka nao, katika mishono ya mafundi cherehani na katika madaha ya vijana wa Bwiza siku ya harusi. Wakimbizi wa Kongo nao walivuka, wengi wakiwa na mfuko mmoja tu wa nguo.

Mkutano wa mawaziri unaweza kuondoa ushuru mpakani. Hauwezi kumfanya Mrundi amwalike Mkongo mezani, wala kumfanya Mkongo amchangie Mrundi aliyefiwa. Kazi hiyo hufanywa na vitu vidogo: timu ya mpira, kwaya, kikundi cha ngoma, ikirimba, au kundi la wanaume wanaopenda nguo fulani ambayo wengine wanaicheka. Kinachowaleta pamoja kinaweza kuwa kitu cha mzaha. Kinachowaweka pamoja hakina mzaha hata kidogo.

Kwa kijana mwenye vazi analolipenda na asiyethubutu kulivaa, ushauri unaotokana na historia hii ni mfupi. Asianze na duka. Aanze na mwenzake mmoja. Na wale wanaocheka barabarani wakumbuke kwamba mtu yule aliyevaa ajabu ana watu ambao, akilala hospitali usiku wa leo, watakuwa mlangoni kabla ya jua kuchomoza. Wengi wenye suti nzuri hawana uhakika huo.